Maji ya Dafu Yaliyogeuka Rangi Uani kwa Bi Zuhura

Wenzangu mliobaki kazini mmeniomba niandike kuhusu miaka yangu ya uafisa afya, na kwa adabu zenu mkasema niandike mafanikio. Mafanikio yako kwenye faili, na faili mnalo ninyi. Vyeo vilipanda vilipopanda, mshahara ulikuja ulipokuja, na sijamwona mtu aliyejifunza kazi kwa kusoma hati ya mshahara ya mwenzake. Nitaandika habari za maji, maana karibu kazi yangu yote ilikuwa kuyatazama maji na kuamua watu wayanywe au wasiyanywe. Kwa urefu zaidi nitaandika habari za siku moja niliyoyatazama vibaya, kwa sababu hiyo ndiyo itakayowafaa.

Mimi ni mtu wa Chemba, enzi hizo tukihesabiwa Kondoa, Msandawe kwa baba na kwa mama. Lugha yetu ina milio ya ulimi ambayo wenzangu chuoni waliiiga mpaka mate yakawatoka. Nazi niliiona kwa macho yangu hapo chuoni, nikiwa mtu mzima mwenye vyeti, na nikauliza kwa dhati kama huliwa na maganda yake. Walicheka wiki nzima. Sisi wa nyanda za kati tunajua uwele, mtama, karanga na ng'ombe; minazi tulikuwa tunaisikia tu.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa Haneti. Niliripoti nimevaa viatu vya kisigino, na Bwana Masima, bwana afya niliyekuja kumsaidia, akavitazama kwa muda, akasema kisima cha karibu kiko mwendo wa saa mbili kwa miguu na akaniuliza kama nina vingine. Sikuwa navyo. Niliporudi jioni ile nilikuwa nimevibeba mkononi, na Bwana Masima akajifanya hakuviona, jambo ninalomshukuru hadi leo. Wanakijiji nao walikuja kumwona bwana afya mpya, wakanikuta mimi, mwanamke. Mzee mmoja aliuliza bwana afya mwenyewe yuko wapi. Nikamwambia ndiye mimi. Akafikiri, akaniamkia "Bwana Afya", na jina likakaa. Nimestaafu nikiwa bwana, na nina wajukuu wanne.

Kifaa changu cha kwanza kilikuwa kikopo cha bati chenye chembe za potasiamu pamanganeti, ambayo kila mtu aliiita dawa ya zambarau. Chembe chache ndani ya beseni, maji yanakuwa rangi ya waridi, unaoshea mboga na matunda. Enzi za Bwana Masima waliitumia hata visimani. Alinifundisha kuishika kwa kijiti, maana ikigusa vidole inaacha madoa ya kahawia yanayokaa siku nyingi. Alinifundisha pia sheria yake moja, na aliirudia kila tulipoinama juu ya kisima: maji yana rangi yake, na ukiona rangi nyingine ujue kuna mkono wa mtu. Kwa visima vya Haneti sheria hiyo haikuwahi kunidanganya.

Kisha ukaja msimu wa kipindupindu, nami nikahamishiwa Dodoma mjini kuongeza nguvu. Tuligawa dawa ya zambarau nyumba kwa nyumba, pakiti ndogo za karatasi, mtaa baada ya mtaa. Haukupita muda wauza maji wa mitaani wakagundua kwamba ukitia chembe moja kwenye ndoo ya maji ya bwawani, yanapata uwaridi kidogo na mteja anaamini yametibiwa. Niliwakamata kadhaa kwa macho tu, kutoka upande wa pili wa barabara. Nikasifiwa ofisini. Kichwa kilinivimba, si sana, lakini kofia ilianza kubana.

Hiyo ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Maduka yaliyokuwa na sabuni moja na kiberiti sasa yalijaa biskuti za nje, mitumba, redio na vinywaji vya kila rangi ambavyo hatukuwa na mwongozo navyo. Miongozo yetu iliandikwa wakati ambapo kinywaji kilikuwa chai, soda au pombe. Kilichonitia wasiwasi zaidi kilikuwa chupa za plastiki. Mtu alinunua maji ya kiwandani, akayanywa, na chupa ikaanza maisha mapya: mafuta ya taa, asali, maziwa, dawa ya mifugo. Kila asubuhi niliamka nikijua kuna mtu mahali fulani anamimina kitu kipya ndani ya chupa kuukuu.

Mmoja wa watu hao alikuwa Bi Zuhura. Alikuwa mama wa makamo, mwenyeji wa mji kuliko wengi wetu, maana mababu zake walikuja na misafara ya biashara, wakapumzika Dodoma na hawakuondoka tena. Aliishi nyuma ya soko na mama yake, Bi Hadija, kikongwe aliyekuwa ameanza kupoteza macho. Malori yaliyoleta machungwa kutoka pwani yalianza kumletea madafu. Kuuza dafu zima Dodoma ilikuwa shida, kwa sababu wateja hawakujua walishike wapi. Basi akawa anayapasua uani kwake, anayachuja maji kwa kitambaa cha melimeli, anayatia kwenye chupa na kuyaweka kwenye friza. Watumishi waliohamia kutoka pwani walimwona kama mkombozi. Wagonjwa walipelekewa hospitali. Ikifika Ramadhani, nyumba nyingi za mjini zilifuturu kwa chupa ya Bi Zuhura.

Ilikuwa Ramadhani moja ya miaka hiyo pale mwalimu mmoja jirani yake alipokuja ofisini kwetu asubuhi. Watoto wake watatu walikuwa wameharisha na kutapika tangu siku iliyotangulia. Wote walikuwa wamekunywa maji ya dafu ya Bi Zuhura. Alikuwa amebeba chupa iliyobaki nusu, akaiweka mezani kwangu, na maji yake yalikuwa rangi ya waridi.

Sikuhitaji kufikiri. Rangi ile nilikuwa nimeishi nayo miaka. Niliona kisa chote kana kwamba nilikuwepo: mama huyo ameongeza maji ya kisima kwenye dafu ili apate chupa nyingi, ameogopa vijidudu, ametia dawa ya zambarau. Nilimweleza mwalimu hivyo, naye akaondoka ameniamini.

Bi Zuhura alinipokea vizuri. Nilimwamkia, akaitikia marahaba mwanangu, akanikaribisha kiti. Sikukaa. Mezani uani palikuwa na chupa zilizotolewa kwenye friza kwa ajili ya wateja wa siku hiyo, karibu nusu zikiwa za waridi na nyingine nyeupe kabisa. Nikamwuliza anatia nini. Akasema hatii kitu, ni dafu tupu, na kwamba baadhi hugeuka zenyewe siku ya pili au ya tatu na hajui sababu. Aliliona jambo hilo tangu alipoanza, na watu wa pwani walimwambia si kitu. Wakati anasema, mimi nilikuwa nimeshaona, kando ya beseni la mchicha, pakiti ndogo ya karatasi. Nikaifungua. Chembe za zambarau.

Majirani walikuwa wameanza kujaa mlangoni. Nikainua pakiti juu ili waione.

"Bi Zuhura, na hii ni nini?"

"Si dawa ya mboga hiyo, mwanangu? Mlitupa wenyewe."

Alikuwa amesema kweli tupu. Pakiti ile ilikunjwa ofisini kwetu, pengine kwa mikono yangu. Lakini mtu akishajua jibu hasikii tena, na mimi nilikuwa nimejua jibu tangu ofisini. Nilimwaga chupa zote za waridi mferejini, moja baada ya moja, umati ukitazama. Bi Zuhura alisimama akishika upindo wa khanga yake na hakulia. Nilipomaliza, mwanamke mmoja akaniuliza zile nyeupe zifanyweje. Nikashika moja, nikaielekeza kwenye jua. Ilikuwa angavu kama maji ya mvua. Nikasema kwa sauti ya kusikika na wote kwamba nyeupe hazina neno, wanaweza kunywa.

Niliandika ripoti papo hapo, nikiwa nimeegemeza kitabu juu ya kifuniko cha pipa la maji. Fomu zetu za wakati huo zilikuwa na nafasi ya bidhaa zilizozuiwa: aina, idadi, sababu. Hazikuwa na nafasi ya bidhaa zilizoruhusiwa. Nikajaza nilichotakiwa kujaza, nikamfungulia Bi Zuhura shauri la kuchanganya kinywaji na kemikali, nikaenda zangu nimeridhika.

Mtaa haukusubiri mahakama. Kufikia kesho yake alishaitwa Mama Sumu. Aliyekuwa akimletea madafu alipitisha lori bila kusimama. Watu waliofuturu kwa chupa zake miaka yote walikumbuka ghafla matumbo yaliyowauma zamani, na kila msimulizi alitia chumvi yake. Habari hizi zilinifikia na sikuona kuwa zinanihusu. Nilidhani hiyo ndiyo kazi.

Siku ya tatu nilipita hospitali kuwaona watoto wa mwalimu, nikakuta wanaendelea vizuri. Muuguzi akaniambia wamepokea wengine wanne wenye hali ileile kutoka mtaa uleule, na mmoja ni mzee ambaye hawana hakika naye. Nikaingia wodini. Kitandani alikuwa Bi Hadija, macho yameingia ndani, dripu mkononi. Bi Zuhura alikuwa ameketi pembeni akimpepea. Chini ya kitanda palikuwa na chupa ya maji ya dafu, nyeupe, imenywewa nusu.

Nilimwamkia. Hakuitikia haraka, na alipoitikia hakuniita mwanangu.

"Nilimpa nyeupe, Bwana Afya," alisema. "Ulisema hazina neno."

Hakupandisha sauti. Ingekuwa nafuu kama angepiga kelele. Nilisimama pale nikiwa na kitabu cha ukaguzi kwapani. Nilimwomba chupa ile. Akaitazama, akaitazama mikono yangu, kisha akaniachia. Niliona aibu iliyonichoma hadi masikioni, lakini chini ya aibu kulikuwa na kitu kingine kigumu: nilitaka kujua, na niliamua palepale sitalala salama mpaka nijue, hata kama jibu lingenikuta mimi mwenyewe ndiye mkosaji.

Maabara ya hospitali ilikuwa chini ya Mzee Ndahani, Mgogo mwembamba aliyebakiza muda mfupi kustaafu na aliyeongea kama mtu anayelipia kila neno. Nilimweleza yote. Akaniuliza swali moja.

"Ulipima, au ulitazama?"

Nikasema nilitazama. Akasema basi kazi bado hujaianza, akavuta bilauri mbili. Moja akatia maji ya kawaida, nyingine maji ya dafu tuliyopasua mbele yake. Katika kila moja akadondosha chembe moja ya dawa ya zambarau. Maji ya kawaida yakawa waridi lile ninalolijua. Maji ya dafu yakapata wekundu wa kufumba na kufumbua, kisha yakaanza kuchafuka, na kabla hatujamaliza kuongea yakawa kahawia kama chai iliyopauka. Alinieleza kwamba dawa ile ikikutana na sukari na vitu vingine vya namna hiyo hupambana navyo, na mapambano hayo huiua rangi yake na kuacha kahawia. Ni kahawia ileile aliyonionya nayo Bwana Masima kwenye vidole. Kwa hiyo yeyote aliyetia dawa ya zambarau kwenye dafu asingeweza kupata waridi la kudumu siku tatu. Miaka yote nilikuwa nimebeba kikopo kile mfukoni, na jaribio la dakika chache lingenitosha.

Nilitaka kuondoka na jibu hilo. Mzee Ndahani akanirudisha kwenye kiti. Alisema sasa tunajua kisichosababisha, bado hatujui kinachosababisha, na hatujagusa swali la nani kaumwa kwa nini.

Tukachukua chupa nne, tukazichemsha, tukazitia maji ya madafu mapya. Ya kwanza tuliijaza hadi mdomoni, tukaifunga na kuificha kabatini. Ya pili tuliitia nusu tu, tukaiweka dirishani. Ya tatu tuliitia maji ya dafu tuliyoyachemsha kwanza. Ya nne ilienda kwenye friji. Kesho yake na siku iliyofuata nilifika kabla ya kufunguliwa mlango. Ya dirishani, iliyokuwa na hewa na mwanga, iligeuka waridi kabla ya zote. Ya friji iliifuata polepole, waridi hafifu. Ya kabatini iliyojaa haikubadilika sana, na iliyochemshwa ilibaki vilevile, ingawa ladha yake ilikuwa imeharibika. Mzee Ndahani akachukua ile ya friji, akainusa, akapiga funda moja huku mimi nimekodoa macho, akafuta mdomo akasema ni tamu.

Kwa hiyo andikeni hili mahali mtakapoliona. Ndani ya maji ya dafu kuna vitu vya asili, pamoja na vimeng'enya, ambavyo dafu likiwa zima havikutani na hewa. Ukilipasua vinakutana nayo, na rangi inabadilika, waridi, wakati mwingine kahawia hafifu. Ni jambo la jamii moja na bilinganya iliyokatwa au kiazi kilichomenywa kikawa cheusi. Madafu hayafanani; la mti huu litageuka haraka, la mti ule litakaa jeupe, na mkono wa mtu haumo. Rangi hiyo peke yake haimdhuru mnywaji.

Lakini msiishie hapo kama nilivyotaka kuishia. Mzee Ndahani alichukua tone la chupa yetu ya friji ya waridi na tone la ile nyeupe ya chini ya kitanda cha Bi Hadija, akaotesha kila moja kwenye sahani yake. Sahani ya waridi ilibaki karibu tupu. Sahani ya nyeupe ilifunikwa yote na vijidudu. Ile angavu kama maji ya mvua, niliyoiinua juani mbele ya watu. Na chupa ya mwalimu, ya waridi, ikatoa vijidudu vilevile. Rangi haikuwa na habari yoyote ya kutupa, upande wowote. Anayesema waridi ni sumu na anayesema nyeupe ni salama wamekosea kosa moja, na mimi nilikuwa nimeyasema yote mawili kwa pumzi moja.

Kinachotupa habari ni vingine. Nuseni: uchachu ni dalili. Sikilizeni kifuniko: kikitoa gesi, au chupa ikivimba, mwageni. Angalieni utelezi na ukungu ulioanza kuganda. Kisha ulizeni, maana kuna chupa mbaya isiyotoa dalili hata moja: imekaa nje ya baridi muda gani, umeme ulikatika lini, chupa iliwahi kubeba nini, imeoshwa kwa maji gani. Maji ya dafu yasiyochemshwa yatendeeni kama maziwa mabichi, na hamtapotea sana.

Nilirudi uani kwa Bi Zuhura kuuliza maswali hayo niliyopaswa kuyauliza siku ya kwanza. Aliyajibu yote, kwa ufupi, bila kuniangalia. Umeme ulikuwa umekatika usiku kucha mara mbili wiki ile. Bomba la mtaa lilikuwa kavu tangu kabla ya mfungo, hivyo alisuuza chupa kwa maji ya kisima kifupi cha jirani, yaliyowekwa kwenye pipa. Aliamini kwamba kwa kuwa maji ya dafu yamefungwa na Mungu mwenyewe, chupa ikisuuzwa inatosha. Nikapeleka maji ya pipa kwa Mzee Ndahani, na pale ndipo tulipomkuta mkosaji. Lilikuwa pipa lilelile nililoandikia ripoti juu ya kifuniko chake.

Nusu saa ya mafunzo ingetosha kumaliza jambo lote: chemsha maji ya kusuuzia, umeme ukikatika usiuze, jaza hadi mdomoni. Bi Zuhura alikuwa mtu wa kufundishika kuliko maofisa wengi niliofanya nao kazi. Badala ya nusu saa hiyo nilimpa shauri mahakamani na jina la Mama Sumu.

Mkuu wangu wa kazi alisikiliza maelezo yangu kwa uvumilivu. Hakuwa mtu mbaya. Alikubali shauri liondolewe na akakubali niende kuomba radhi kwa zile za waridi, ili mtaa utulie. Kisha akafungua faili, akapitisha kidole kwenye ripoti yangu, akaniambia kwamba habari za chupa nyeupe hazimo. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba idara iliziruhusu. Maneno ya mdomo uani kwa mtu si kumbukumbu. Wagonjwa wanapona, Bi Hadija ametoka wodini jana. Kwa nini niwashe moto uliozimika? Zaidi ya hayo, akasema, yeye ndiye anayepanga vituo, na Kolo, huko vijijini Kondoa, wamekuwa wakiomba mtu.

Nimeulizwa mara nyingi kama nilikubali. Nilikubali. Nilikuwa na watoto wawili shuleni mjini, nikajiambia kwamba kuondoa shauri na kumsafisha mama wa watu ni haki ya kutosha kwa siku moja. Nilijiambia hivyo njia nzima.

Ilikuwa baada ya Idi, alasiri. Niliomba majirani waitwe, na mwalimu akaja pia. Niliweka bilauri mbili juu ya meza ileile, nikadondosha chembe, wakaona wenyewe waridi na kahawia. Nikawaeleza habari za hewa na mwanga. Nikasema Bi Zuhura hakutia kitu chochote, nilikosea, shauri limeondolewa, na ninamwomba radhi mbele ya walewale walioniona nikimwaga mali yake. Nikaeleza pia habari za kisima na pipa, na namna ya kuchemsha maji ya kusuuzia. Watu walinung'unika kwa kuridhika. Mwalimu akamwendea Bi Zuhura akampa mkono. Nikaanza kufunga mkoba.

"Bwana Afya," Bi Zuhura alisema. "Umeniomba radhi kwa zile ulizomwaga. Zile ulizoziacha je?"

Mlango wa chumba cha mama yake ulikuwa wazi, pazia limeshushwa. Nilifikiri Kolo, nikafikiri ada za shule, nikafikiri kidole cha mkuu kikipita kwenye karatasi. Halafu nikachoka na nafsi yangu. Nikapiga moyo konde.

"Zile niliziruhusu mimi," nikasema. "Hakuna aliyenituma. Sikuzinusa, sikuzipima, sikuuliza zimeoshwa kwa maji gani. Nilizitazama tu nikawaambia mnywe. Ndizo zilizowalaza watu wanne, na mama yako mmoja wao."

Bi Zuhura aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayesikia alichokuwa anakijua.

"Sasa andika."

Nikamwambia fomu haina nafasi yake. Akasema karatasi ina upande wa nyuma. Nikatoa kitabu cha ukaguzi, nikaweka kaboni, nikageuza fomu, na mara hii nilikaa kwenye kiti. Niliandika aina, idadi, tarehe, na kwamba chupa nyeupe ziliruhusiwa kwa kauli ya afisa bila kipimo, na madhara yaliyofuata. Nikaweka jina langu lote na sahihi. Bi Zuhura alisoma msahafu vizuri lakini herufi zetu hakuzijua, hivyo akaniomba nimsomee kwa sauti. Nilipomaliza, akaniomba nisome tena, kuanzia pale palipo na jina langu.

Kisha akachukua nakala, akaikunja mara mbili, akainua pazia na kuingia kwa mama yake. Nilimsikia akimweleza neno kwa neno nilichoandika. Majirani walianza kuondoka mmoja mmoja. Mimi nilibaki kwenye kile kiti, kalamu mkononi, sijui kama naruhusiwa kuondoka.

Sauti iliyotoka ndani ilikuwa ya Bi Hadija, nyembamba, ya mtu aliyetoka mbali.

"Mwambie aingie," alisema. "Aje aniambie mwenyewe."

Nikavua viatu, nikaingia.